Ukungu wa Kulipia

Bega langu la kuume liko chini kuliko la kushoto. Mshonaji wangu wa sokoni ndiye aliyeniambia kwanza, siku aliponipima nguo ya kitenge. Alivuta futi yake mara mbili, akanung'unika, kisha akaniuliza mama, weye unabebaka nini upande huu. Nikamkasirikia bure. Nilijua ninachobeba. Nilikuwa nabeba mfuko wa kamera, mwaka wa kumi na tisa ule, na juu yake nilibeba miaka yangu hamsini na minne.

Nilipotoka kwake nilipita kwa mama anayeuza mahindi kwa kilo, nikamwomba aniwekee mfuko kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye kumi na nne. Akauliza kama ni unga. Nikamwambia ni kazi. Akacheka, akasema kazi haipimwi kwa kilo, na mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimechoka na nyumbani kulikuwa bado mbali.

Mimi ni mpiga picha wa hapa Kamina. Harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, wanafunzi wanaomaliza shule, picha ndogo za makaratasi ya ofisi. Nilianza na kamera moja ndogo ya filamu niliyoachiwa na mzee aliyenifundisha kazi, yenye lensi moja isiyovuta wala kusukuma. Ukitaka mtu awe mkubwa, unamsogelea. Ukitaka awe mdogo, unarudi nyuma, na mgongo ukigonga ukuta basi, hapo ndipo picha ilipo. Kamera ile ililisha nyumba yangu. Kisha zikaja za dijitali, vijana wakaja nazo kubwa kubwa, na watu wa sherehe wakaanza kutazama kamera kabla ya kutazama picha. Siku hizi mpiga picha akiingia na kitu kidogo mkononi wanampa kiti cha nyuma na soda ya moto. Akiingia na mzinga, wanampisha njia mpaka altareni.

Basi nami nikanunua. Bei zake sizisemi. Aliyelipa amekwisha kulia. Nilinunua kamera kubwa, halafu nyingine kama hiyo, isije ya kwanza ikafa katikati ya harusi. Nikanunua lensi ya sura, ile fupi nene yenye kioo kipana, inayomtokeza mtu mbele na kuyeyusha kila kitu nyuma yake. Nikanunua taa mbili za kusimama, na miguu yake, na miavuli yake. Ile lensi ndefu kama mkono niliinunua kwa sababu ya kazi moja tu. Wageni waliokuja kuona makaburi ya kale kule Sanga walinichukua siku tatu niwapigie picha za ziwa na wavuvi wake, wakasema mwaka unaofuata watarudi, nijiandae. Nikajiandaa. Hawakurudi, na lensi ile niliitumia mara moja tu tangu hapo, kumpiga padri kutoka mlangoni mwa kanisa, wakati ningeweza kutembea hatua kumi.

Na kila chombo kina betri yake, na kila betri ina chaja yake, na umeme wa hapa tunaujua. Asubuhi zangu zikawa za kupeleka betri kwa mwenye paneli za jua, na jioni kwenda kuzichukua, na kugombana kwa sababu moja imebadilishwa na ya mtu mwingine iliyochoka kuliko mimi. Lensi zinataka kufutwa vumbi, na vumbi la Kamina halina likizo. Nilichunga vyombo kuliko nilivyopiga picha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: walioniona napita kwenye pikipiki na ule mfuko walisema mama foto amefanikiwa.

Mama yangu alifariki mwaka ule niliokuwa na kila kitu. Nasema hivyo makusudi. Kabatini kulikuwa na kamera mbili, lensi nne na taa, na juu ya jeneza la mama tuliweka picha iliyokuzwa kutoka kadi yake ya kupigia kura. Mnazijua picha zile. Mtu anaketishwa mbele ya kitambaa, anaambiwa usicheke, usitikisike, inua kidevu, na anatoka kama mwizi aliyekamatwa na kuku wa jirani mkononi. Kadi yenyewe ilikuwa imekaa miaka ndani ya nailoni, jasho limeingia, shavu moja limefutika. Nilijaribu kulirudisha shavu lile kwenye kompyuta, nikalirudisha vibaya. Watu wa ukoo waliotoka kijijini walisimama mbele ya jeneza wakaulizana huyu ni nani.

Kwa nini sikuwa nimempiga? Mganga hajigangi, njo vile, ndivyo ilivyo. Mama alisema ngoja nisuke nywele, nami nikasema ngoja Jumapili, ngoja lensi fulani ifike na treni kutoka Lubumbashi. Treni yenyewe mnajua inavyofika. Tukangojeana hivyo mpaka nikapigiwa simu niko harusini, na kamera shingoni.

Matanga yalipoondolewa, Tata, baba yangu, aliniita nyumbani kwake. Tata alifanya kazi ya reli tangu ujana hadi uzee. Alikuwa vizitere, yule mtu anayepita kando ya treni iliyosimama na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu, anasikiliza, anakwenda kwa linalofuata. Gurudumu zima linaimba, alikuwa akitueleza tulipokuwa wadogo, na lenye ufa linakohoa. Sasa amepita miaka themanini, bado yuko kwenye nyumba ile ile ya matofali ya kambi ya reli, na macho yanamwacha. Si ule utando ambao daktari anaukata ukaisha. Tulikwenda mpaka Lubumbashi, tukaambiwa ni presha ndani ya jicho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone ya dawa yatachelewesha tu. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga. La kuume lilibaki likiona kidogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Alinikalisha, akangoja nimalize maji yangu, akasema:

"Ile foto ya mama yako niliona. Yangu weye utaikamata sasa, na minyi mwenyewe nitaiona na hili jicho moja, kabla lifunge. Sitaki baniwekee muntu mwingine pa sanduku."

Alikuwa ameshaipanga kichwani. Asimame wima, kofia ya kazi kichwani, nyundo mkononi, wago, behewa la mizigo, nyuma yake, mwili mzima. Hicho tu ndicho alichokitaka kwangu, mtu aliyenisomesha, aliyenilelea watoto wangu wawili nilipoachwa na mume na nikawa sijui nianzie wapi. Aitazame picha yake mwenyewe, aikubali, kisha aiweke mpaka siku itakapohitajika. Nikamwambia eyo, ndiyo, Tata. Nikamwambia kesho kutwa.

Kesho kutwa ile ilichukua miezi minne. Ulikuwa msimu wa kiangazi, ndoa zilifuatana kila wiki, na mimi nilikuwa narudi nyumbani nikiwa mtu wa kulala chini kwenye saruji ili mgongo unyooke. Tata hakuniuliza. Kila nilipompelekea ugali wa bukari na samaki wa bitoyo alikuwa amevaa ile kofia. Nilimwona nayo, nikajifanya sikumwona.

Mwishowe nilimchukua Jumamosi moja saa kumi, tukaenda kwenye reli ya pembeni yanakolala mawago mabovu. Watu wa stesheni wanamjua, walitupungia mkono tukapita. Nilitoka na lensi ya sura, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, na nilitaka apate kilicho bora. Nilimpiga kuanzia kifuani kwenda juu. Mwanga ulikuwa mzuri, mikunjo ya uso wake ilitoka yote, na moyoni nilijisifu. Nikaichapa kubwa, nikampelekea.

Aliichukua mpaka dirishani. Akaisogeza karibu na jicho, akaiondoa, akaisogeza tena. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake, kama mimi naona kitu nyuma ya kofia. Kwa maana uso aliuona, kofia aliiona, lakini baada ya kofia dunia ilikuwa imekwisha. Tata alidhani jicho lake la mwisho limeondoka pale pale dirishani. Aliogopa mbele yangu, na mimi sijawahi kumwona akiogopa, hata siku zile za taabu tulizokimbilia msituni.

Nikamweleza mbio mbio. Si macho, Tata, ni lensi. Ndiyo kazi yake, inafuta nyuma ili mtu aonekane. Watu wanaitafuta sana, ni ya bei kali.

Uoga ukamtoka, hasira ikaingia, halafu hasira nayo ikamshinda, akaanza kucheka kile kicheko chake cha tumboni.

"Ulilipa ukungu?" akasema. "Weye mutoto. Minyi naupataka bure."

Nilicheka naye, lakini neno lile lilinichoma. Na hakuishia hapo. Akauliza miguu yake iko wapi, nani kaikata. Akauliza wago iko wapi. Akasema nimemfukuza kazi baada ya pensheni, kitu ambacho hata wakubwa wa reli hawakuwahi kufanya. Mtu aliyesimama mbele ya kitu kisichokuwepo, wanaokuja kwenye kilio watasemaje alifanya kazi gani? Nikarudi na picha yangu nzuri mfukoni. Na kusema kweli, njiani nilianza kukumbuka wateja. Ni mama wangapi wameniambia foto iko muzuri, lakini miguu? Nimenunua viatu vipya, mama foto, vimekwenda wapi? Nami nikiwajibu kwa kiburi kwamba ndivyo wanavyofanya mafundi wakubwa.

Mara ya pili mvua zilikuwa zimeanza, reli imejaa matope, nikasema nitampigia nyumbani, angalau nipate mwili mzima. Nikasimamisha zile taa mbili kwenye sebule yake, na miavuli yake, na waya kila mahali. Mwanga wa kwanza ulipolipuka alipiga yowe akafunika jicho. Liligeuka jekundu, likatoa maji mpaka siku ya pili, alilala na kitambaa kibichi usoni na mimi nimekaa chini kando ya kitanda. Nilizichukia taa zile. Nilijichukia mwenyewe zaidi, maana muuguzi anayemtilia matone ya dawa alikuwa ameshatuambia jicho lile lisisumbuliwe, na mimi nilisikia, kisha nikafikiria picha.

Lilipotulia alinituma nilete mfuko wote. Nikadhani anataka kujaribu tena. Kumbe alitaka kukagua. Alinitaka nivitoe vyombo kimoja kimoja nivipange mezani, akawa anavishika kwa mikono, na kila kimoja ananiuliza hii inafanyaka kazi gani, na mara ya mwisho ilifanya lini. Nilijibu. Kwa vingine jibu lilikuwa fupi sana. Alipomaliza akanieleza jambo ambalo kila mtoto wa kambi ya reli analijua, lakini alinieleza kama mgeni. Ubavuni mwa kila wago wamepaka namba mbili: tare, yaani uzito wa wago yenyewe ikiwa tupu, na mzigo, yaani kile inachoweza kubeba. Wago inajengwa ili mzigo uizidi tare. Ikiwa kinyume, lokomotivu inachoka kuvuta chuma bure. Hata kambini mtu mwenye maneno mengi na suti, asiye na kitu nyumbani, tunamwita tare tupu.

"Weye," akasema, "tare yako imepita muzigo."

Niliondoka bila kuaga. Ndiyo mara pekee nimemfanyia hivyo mzazi wangu. Nilipanda pikipiki na mfuko mapajani, nikikasirika njia nzima, nikimjibu kwa moyo: wewe unajua nini, wewe uliyegonga vyuma. Nilipofika nyumbani niliutua mfuko, nikaanza kutafuta wanunuzi.

Nisijipambe sasa. Sikuuza kwa hekima. Niliuza kwa uchovu, kama mtu anayetua beseni katikati ya njia kwa sababu shingo imekataa. Lensi ndefu niliitoa kwanza, sikuihuzunikia. Taa zilichukuliwa na studio moja ya mjini. Kamera ya pili ilienda, ya kwanza nayo ikaenda, na ile lensi ya sura ilibaki kwa sababu kila niliyemwonyesha alitaka kunipa bei ya karanga.

Aliyeichukua ni mama mmoja wa kule Base, kambi ya jeshi, mke wa askari. Alikuwa akiwapiga picha wake wa askari wengine kwa simu, sasa alitaka kufanya kazi ya kweli, na kamera alikuwa ameshaipata. Nilimpenda kwa jinsi alivyoishika, kwa mikono miwili, bila kujifanya anajua. Akampiga mwanangu mlangoni, akatazama, akasema nyuma kumekufa kabisa. Nikaona nisimdanganye. Nikamwambia mama, sikia, watu wa huku hawapendi, wanataka miguu, wanataka ukuta uonekane. Akacheka.

Akanieleza kwamba kwao mambo ni mengine. Wanawake wale wametoka mikoa ya mbali, kila mmoja anataka kutuma picha kwa mama yake aonekane amenona, lakini kambini si mahali pa kupiga picha ovyo. Uso wako ni wako, kilicho nyuma yako si chako. Kila akipiga lazima kwanza waangalie ukuta gani, mlango gani, nguo za nani zimeanikwa. Sasa na hii, akasema, nyuma itajifunga yenyewe. Kumbe ukungu ule ulikuwa na wenyewe, ila hawakuwa Tata yangu wala wateja wangu. Aliifunga lensi kwenye kanga ya mgongoni, pale anapobebwa mtoto, akapanda pikipiki. Nilisimama mlangoni nikimtazama mpaka akapinda, na nitakuwa mwongo nikisema sikulia kidogo.

Nikabaki na kamera moja ndogo, niliyoipata kwa mtu wa Lubumbashi. Ina lensi moja isiyovuta wala kusukuma. Inaingia kwenye mkoba wangu wa kanisani pamoja na kitabu cha nyimbo. Betri yake moja inamaliza harusi. Wiki za kwanza bega lilikuwa linajishusha lenyewe likitafuta mfuko wake, na nilitembea upande upande, watoto wangu wakinicheka. Kwenye ndoa ya kwanza, baba mdogo wa bwana harusi alinitazama mkononi akauliza mbele za watu ile aparey ya kweli iko wapi. Nikamwambia imeshaolewa. Meza yote ikacheka, naye akacheka, nami nikafanya kazi. Nilimsogelea mtu, nikarudi nyuma, nikagonga ukuta. Wapo walioniacha wakaenda kwa wenye mizinga, na iliniuma, sitaki kudanganya. Nilipungukiwa. Lakini nilikuwa nakaa kwenye kiti jioni kama mtu, nakula, mgongo haunidai.

Na Tata je? Hapo ndipo nisipojisamehe. Kuuza kulikula wiki, kamera ndogo ilikula wiki nyingine njiani, mvua zikala mwezi. Kisha Tata akapata malaria, akalala, akaamka amekonda. Nilimwuliza macho yakoje, akasema yako. Mtu wa reli hasemi zaidi. Nilimwona anatafuta kikombe kwa kupapasa meza, nikajiambia ni udhaifu wa homa.

Ardhi ilipokauka tukaenda. Alishika bega langu, nami nilienda polepole, nikimwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna taruma. Alipoigusa wago alibadilika. Alipapasa ubavu wake mpaka chini, akainama, akagonga gurudumu mara moja kwa nyundo, akasikiliza. Akasema huyu eko muzima, wanamwacha hapa bure. Kisha akajinyoosha, akaweka kofia sawa, akatulia, kisigino kwa kisigino.

Nilirudi nyuma mpaka nikampata mzima: kofia, nyundo, viatu, wago kutoka mwisho hadi mwisho, na nyasi. Nikapiga. Nikapiga tena. Nimepiga mara sita hivi, akaniuliza nitaanza lini.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Zile kamera kubwa zilikuwa zinalia, kla, kla, na yeye alikuwa anageukia mlio. Hii ndogo haina sauti. Alikuwa amesimama vizuri kabisa, lakini uso ameupeleka kule stesheni, ananitafuta mahali ambapo sipo. Hatua saba tu kutoka kwangu, mchana kweupe. Nikamwita, nikasema Tata, niko hapa. Uso ukageuka taratibu, ukanipata. Nikapiga moja, nikamwambia basi, imetosha.

Siku mbili baadaye nilimpelekea, imechapwa kwenye karatasi nzuri. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye jua. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye jicho, akaigeuza kidogo kufuata mwanga. Aliishika kichwa chini miguu juu. Nilimtazama hivyo, na yeye anaitazama hivyo. Nilikuwa na lensi nne wakati jicho lile linaona. Ningeweza kumpiga na simu. Ningeweza kumpiga siku ile ile aliyonikalisha, na kofia yake kichwani, na leo ingekuwa imeshafungwa kwenye kitambaa amekwisha kuikubali. Niliona aibu, na nilimwonea uchungu, na yeye alijua, kwa sababu alininyooshea ile karatasi.

Akaniambia nimusomee.

Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikaigeuza sawa. Akauliza miguu. Nikasema yote miwili, na kamba za viatu zimefungwa. Wago? Yote, mpaka namba zake zinasomeka. Nyundo? Mkono wa kuume. Kofia je, haikupinda? Haikupinda. Kila jibu alitikisa kichwa. Kisha akauliza kama anaangalia watu.

Hilo wazee wa hapa wanaliulizia sana. Picha ya juu ya sanduku lazima ikutazame usoni, ili kila anayeingia kulia, hata wa mwisho aliyechelewa njiani, ajue amehesabiwa. Ikitazama pembeni wanasema marehemu aliondoka na neno. Nikaitazama upya. Kamera ndogo unaishika kifuani, unasoma kioo chake cha nyuma kama kitabu, na mimi nilikuwa nimemwita huku nimeishika hivyo. Macho yake hayakuwa kwenye lensi. Yalikuwa juu yake kidogo, mahali kilipokuwa kinywa changu. Nikamwambia kesho asubuhi turudi, kesho nitaiinua kamera, sauti na lensi viwe mahali pamoja. Akasema hataki kesho. Akarudia swali lake.

"Apana, Tata," nikasema. "Hauangalie bantu. Unaniangalia minyi."

Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya karatasi, kinakwenda na kurudi.

"Weye njo utalia kupita bote," akasema. "Iache vile."